Mbao ya dawa ikikusumbua: dalili, chanzo na la kufanya

Mbao nyingi za dawa, yaani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, zinazouzwa Mtwara na Lindi ni paina ya nyanda za juu: Mafinga, Makambako, Njombe. Hufika kwa lori, ama kwa kupitia Songea, Tunduru na Masasi, ama kwa kuzungukia Dar es Salaam na kushuka Kibiti hadi Lindi. Ikishushwa hapa bado ni nzito kwa maji, ina rangi ya kijani, na ina jina: mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane. Fundi hununua jina. Matatizo karibu yote yaliyoandikwa hapa chini yanaanzia hapo, kwa sababu jina halikuambii mbao ina upana gani kweli, wala halikuambii dawa imeingia hadi wapi.

Basi kabla ya kumlaumu muuzaji, msumeno au mchwa, fanya vipimo viwili. Kwanza, pima upana na unene kwa futi kamba katika sehemu tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Andika kwa milimita, maana inchi huficha mengi. Pili, chagua mbao moja katika mzigo, ikate sentimita 30 hivi kutoka kwenye kichwa, yaani mwisho wa mbao, kisha tazama ndani. Usikate kichwa chenyewe. Dawa huingia kwa wepesi kufuata nyuzi, hivyo kichwa huonekana kimeshiba hata kama katikati ya mbao hakuna kitu.

Mbao ni nyembamba kuliko jina lake

Inchi mbili ni milimita 51, inchi nne ni 102. Ukikuta mbili kwa nne yako ina 47 kwa 96, usishangae. Kuna sababu tatu, na kila moja ina alama yake.

Kama mbao zote katika mzigo zimepungua kiasi kilekile, mpasuaji aliweka kipimo kidogo makusudi ili gogo litoe mbao nyingi zaidi. Hilo ni la kumalizana na muuzaji kwenye bei, kabla lori halijaondoka.

Kama mbao moja ina 50 upande huu na 44 upande wa pili, hiyo ni kazi ya mashine. Zile mashine ndogo za porini kule Mufindi, ambazo watu huziita dingidongi, husukumiwa gogo kwa mikono, na bamba la msumeno likichoka huyumba. Mbao ya namna hii huwezi kuirudisha sawa bila randa, na randa ina hasara yake, nitaifikia.

Kama upana umepungua kuliko unene, na mbao imekuwa nyepesi tangu uinunue, imekauka. Mti haupungui kwa usawa. Hupungua zaidi kufuata duara za ukuaji, karibu nusu ya hapo kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome, na kwa urefu karibu haupungui kabisa. Ndiyo maana futi 12 hubaki futi 12 huku upana ukikimbia.

Mchoro wa mtandaoni haukubali

Siku hizi mteja anakuja na simu, anaonyesha benchi zuri la bustani, vipimo vyote vimeandikwa. Unakata kama ilivyoandikwa, na hakuna kinachokutana.

Mchoro huo mara nyingi ni wa Kimarekani. Kule, mbili kwa nne ni jina la mbao kabla haijakauka na kupigwa randa. Tangu kiwango chao cha 1970, mbao yenyewe dukani ni inchi 1½ kwa 3½, yaani milimita 38 kwa 89. Mbili kwa sita ni 38 kwa 140. Mbili kwa nane ni 38 kwa 184. Moja kwa sita ni 19 kwa 140. Nne kwa nne ni 89 kwa 89. Mchoraji amepiga hesabu kwa namba hizi za pili, ingawa ameandika zile za kwanza.

Sasa chukua mbao yetu ya kupasuliwa tu, yenye inchi 1⅞ kwa 3⅞. Imezidi ile ya mchoro kwa inchi ⅜, yaani milimita tisa na nusu, kwa unene na kwa upana pia. Kiti cha benchi chenye mbao sita kitazidi milimita 57, na miguu iliyokatwa kwa kufuata karatasi haitafika inapotakiwa. La kufanya ni kuacha majina ya mchoro. Chukua vipimo vya nje tu: urefu wa benchi, kimo, kina cha kiti. Halafu pima mbao ulizonazo na upange upya ndani ya vipimo hivyo. Tundu la ulimi, ile ncha ya mbao inayoingia kwenye mbao nyingine, usilichimbe kwa namba ya karatasi. Weka mbao yenyewe juu yake uchore kwa penseli.

Ulibana sakafu ya baraza, sasa kuna mianya

Hii ni ya kwanza kwa malalamiko. Mbao zilifungwa mwezi wa tatu zikiwa zimebanana kabisa. Kufika mwezi wa tisa, baada ya kusi kuvuma miezi kadhaa, sarafu inapita katikati yake.

Mbao iliyotoka kwenye tangi la dawa imejaa maji. Ilifungiwa humo, hewa ikavutwa nje, dawa iliyochanganywa na maji ikasukumwa ndani kwa presha. Ikitoka, ina upana wake wa juu kabisa. Kupungua huanza unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi. Pwani yetu, hewa ikiwa na unyevunyevu wa bahari, mbao iliyo nje chini ya paa hutulia karibu na asilimia 15. Kwa paina, safari hiyo hula asilimia tatu hadi nne ya upana kwa mbao iliyopasuliwa bapa, yaani upana wake ukifuata duara za ukuaji.

Piga hesabu ya baraza la mita 2.4. Umeambiwa moja kwa sita, ukagawa kwa milimita 152, ukanunua mbao 16. Ukazipima: kumbe ni 145. Zikikauka zitakuwa 140. Mbao 16 za 140 ni milimita 2240. Umepungukiwa sentimita 16, na hakuna mahali pa kuzitoa. Hesabu sahihi ni upana wa mbao ikiwa kavu pamoja na mwanya unaoutaka: 140 na 5 ni 145, gawa 2400 kwa hiyo 145, unapata 16 na zaidi ya nusu. Nunua 17.

Kama huna muda wa kukausha, banisha mbao mbichi bila mwanya. Mwanya utajitengeneza wenyewe wa milimita tano hivi, unaotosha maji ya mvua kupita. Kama mbao ni kavu, kinyume chake: weka msumari wa inchi nne katikati ya mbao na mbao kama kipimo, la sivyo masika itazivimbisha zisukumane na kunyanyuka. Anayefunga mbao mbichi na kavu kwenye sakafu moja hapati jibu lolote.

Kukausha kwenyewe si kazi ngumu, ila watu huharakisha. Tandika magogo mafupi juu ya ardhi, panga mbao kwa tabaka, katikati ya kila tabaka weka vijiti vya inchi moja kila baada ya nusu mita, vijiti vyote vikiwa vimepangana wima. Juu weka bati na uzito. Elekeza rundo ili upepo upite katikati yake, na jua lisilipige moja kwa moja. Miezi ya kusi, kuanzia wa tano hadi wa tisa, ndiyo yenyewe. Mbao ya inchi moja inahitaji wiki kadhaa. Ya inchi mbili hesabu miezi. Huna mita ya unyevu? Chagua mbao moja, piga mstari wa penseli katikati, pima upana hapo kila wiki. Namba ikiacha kushuka, imetulia.

Mbao iliyopinda kama mfereji ni tatizo hilohilo: imekaushwa juani upande mmoja, au imelazwa juu ya sakafu ya saruji. Igeuze, uilaze na uzito. Iliyojisokota kama kamba haitengenezeki. Ikate vipande vifupi.

Bati lina mawimbi

Kenchi zimesimama sawa, pima maji imekubali, lakini bati likipigwa linapanda na kushuka. Pima papi, zile mbao zinazopigiliwa bati. Mbili kwa mbili moja ina 50, ya jirani 44; bati linafuata. Kabla ya kupanda juu, tenganisha papi katika mafungu kwa unene, na upande mmoja wa paa uutumie fungu moja. Papi yenye upana tofauti na unene, amua ni kipimo gani kitasimama, na usibadilishe njiani. Palipobaki pungufu, weka kipande chembamba cha mbao ya dawa chini ya papi. Karatasi iliyokunjwa na mfuko wa saruji si kazi.

Mbao imekaa sawa kabisa, halafu mchwa wakaingia

Hapa ndipo kipimo na dawa vinapogombana, na ndipo fedha nyingi hupotea.

Kiwandani kule Marekani, mbao hukaushwa na kupigwa randa hadi 38 kwa 89, halafu ndiyo inaingia kwenye tangi. Ikitoka, fundi anakata urefu tu. Kwetu mbao inaingia tangini ikiwa na meno ya msumeno, unene wake ukipishana, na fundi ndiye anayeisawazisha baadaye. Kule randa hutangulia dawa. Huku dawa hutangulia randa. Unaposhusha milimita tatu kila upande ili fremu ikae vizuri, unafagia sehemu iliyoshiba kuliko zote. Ukipasua mbili kwa sita katikati upate mbili kwa tatu mbili, umefungua uso mzima ambao huenda haujawahi kuonja dawa.

Ndiyo sababu ya kukata na kutazama. Ubao ukikatwa, sehemu ya nje ya mti, ile nyeupe, hupokea dawa vizuri. Paina changa huwa nyeupe karibu yote, na ikitiwa dawa sawasawa kijani huenea hadi ndani. Kiini hakipokei. Utaona kijani pembeni na doa la rangi ya nyasi kavu katikati: hapo umejua randa yako ina ruhusa ya kiasi gani. Ukiona kijani chembamba kama ganda la kitunguu na ndani kote kweupe, mbao hiyo imechovywa au kupakwa tu. Usiipige randa hata kidogo, na kwa kazi ya nje usiinunue.

Na kijani kisikudanganye kwa rangi yake. Paina iliyokaa mbichi kwa muda hupata michirizi ya buluu-kijivu kutoka kwenye kingo kwenda ndani. Hiyo si dawa, ni ukungu. Haupunguzi sana nguvu ya mbao, lakini wapo wanaouuziwa kama alama ya dawa.

Ikiwa kazi inataka randa, fuata mpangilio huu. Chagua mbao nene kwanza, ili usiwe na haja ya kushusha sana. Piga randa uso unaoonekana tu. Mgongo unaogusa ukuta uache na meno yake. Kata urefu, toboa matundu, chonga ndimi, yote, kabla ya kufunga. Halafu kila sehemu iliyofunguliwa ipakwe dawa ya brashi ya kuhifadhi mbao, ile yenye shaba ukiipata, mara mbili, na vichwa vilowekwe dakika kadhaa. Usipake oili chafu ukadhani umemaliza. Hukaa juu juu, na mchwa hupita chini yake.

Vichwa vya kenchi vinahitaji jicho la pekee. Mbao ilikuja na kichwa kilichoshiba dawa, fundi akakikata ili kenchi ikae juu ya ukuta, na kichwa kipya kisicho na dawa ndicho kikakaa juu ya tofali, mahali ambapo njia ya udongo ya mchwa hufikia mwanzo. Ukiweza, panga mikato ili kichwa cha kiwandani kiangalie ukutani na kile ulichokata kiende kileleni.

Kama kazi yenyewe ni mlango wa kuchonga au dirisha la maua, paina ya dawa si mti wake. Tafuta mninga au mkongo, wenye kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, na uhakikishe unapewa kiini. Ule weupe wa mninga huliwa kama mti mwingine wowote.

Nguzo imeoza usawa wa ardhi

Juu nzima, chini nzima, katikati umeingia mkono. Pale ndipo unyevu na hewa vinapokutana, na kuvu hutaka vyote viwili. Chanzo karibu daima ni mojawapo ya haya: kichwa kilichokatwa kilitangulia shimoni, au zege lilimwagwa likatengeneza kikombe kinachotunza maji. Weka kichwa cha kiwandani chini, kokoto za kina cha kiganja chini yake, na zege ulimalize juu ya ardhi likiwa na mteremko wa kumwaga maji nje. Uliza pia aina ya dawa. Dawa ya boroni inafaa kwa mbao za ndani, juu ya dari, lakini mvua huiyeyusha na kuiondoa; kwa uzio wa shamba la korosho haina maisha.

Misumari inalia kutu, bati linatoboka

Shaba iliyomo kwenye dawa, maji, na chumvi ya bahari kutoka Mikindani hadi Kilwa: msumari mweusi wa kawaida haudumu hapo. Michirizi myeusi chini ya kichwa cha msumari ndiyo dalili ya kwanza. Tumia misumari na skrubu zilizochovywa kwenye zinki ya moto. Zile zinazong'aa sana zina zinki nyembamba. Bati lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki nalo halipatani na shaba yenye maji. Acha papi zikauke kabla ya kuezeka, na ukilazimika kuezeka zikiwa mbichi, weka ukanda wa lami au wa plastiki nzito kati ya papi na bati.

Mbao ikipasuka kila unapopiga msumari karibu na kichwa, toboa kwanza kwa drili, au sogea ndani sentimita tano.

Rangi inabanduka, gundi haishiki

Mbichi. Subiri ikauke. Mwagia tone la maji: likinywewa ndani ya dakika chache, praima itashika, likikaa juu kama shanga, rudi wiki nyingine.

Mikono inawasha, kikohozi baada ya kazi

Dawa ya kijani iliyozoeleka ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Arseniki ni sumu, na ndiyo sababu Marekani iliacha kuitumia kwenye mbao za makazi kuanzia mwisho wa 2003. Mbao iliyokauka na kutulia, ikiwa juu ya dari, haina shida kubwa. Shida ni vumbi lake, na moshi wake zaidi. Katia nje, upepo ukiwa mgongoni, vaa barakoa, miwani na glovu, na uoshe mikono kabla ya kula. Mbao yenye chumvichumvi ya kijani juu yake imetoka tangini karibuni. Iache wiki mbili tatu chini ya kivuli dawa ishike kwanza.

Kuna watu wawili watakaokuja karakana, na wote inabidi uwaambie hapana. Wa kwanza ni mfuga kuku anayetaka maranda. Usimpe yaliyochanganyika na ya mbao za dawa. Ya mninga mpe. Wa pili ni mama lishe au mchoma samaki anayeomba vipande vya kuni. Kipande cha dawa kikiungua, arseniki huenda kwenye moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, na samaki wa moshi hula vyote viwili. Mbao hizi pia hazitengenezi mbuzi ya nazi, mwiko, meza ya kukatia nyama wala kitanda cha mtoto, hata mteja akisema ataipaka vanishi.

Weka mapipa mawili, moja la mbao za kawaida na moja la dawa, kila moja na alama ya rangi ambayo hata kijana aliyeanza kazi leo ataijua. Vumbi la pipa la dawa lifungwe kwenye mfuko liende dampo. Vipande virefu kidogo vichongwe ncha: ni vigingi vizuri vya kupimia msingi, na wajenzi huvitafuta kila wiki.